Masurufu: maana ya neno, na jinsi ya kuyaomba, kuyatumia na kuyarejesha

Mtumishi anasaini fomu Jumatatu, fedha zinaingia kwenye akaunti yake Jumatano, na tangu dakika hiyo yeye ni mdaiwa wa ofisi. Bado hajatumia hata senti, ila kwenye vitabu vya mhasibu jina lake limeshaandikwa upande wa wadaiwa. Litabaki hapo mpaka karatasi zake na bakaa (fedha iliyobaki) atakayorudisha vizibe kiasi kilekile alichopokea. Fedha za namna hiyo ndizo zinazoitwa masurufu: fedha za ofisi anazotangulizwa mtumishi kwa kazi maalumu, ambazo lazima azitolee hesabu.

Watumishi wengi hukatwa mishahara kwa sababu ya masurufu bila kuwa wameiba chochote. Kazi waliifanya na fedha waliilipa, lakini hawakujua neno lenyewe linawataka nini. Kwa hiyo tuanze na neno.

Neno lenyewe

Masurufu limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kutumia na kubadili fedha. Mzizi huohuo umetupa sarafu, na pia sarufi, kwa maana ya jinsi maneno yanavyobadilika maumbo. Oman na nchi za Ghuba neno hilo bado linatumika kwa hela ya matumizi ya nyumbani au ya mtoto. Katika Kiswahili cha pwani cha zamani, masurufu yalikuwa mahitaji ya safari: fedha, chakula na vitu ambavyo msafiri alibeba ili asikwame njiani. Ofisi zilipohitaji neno la kile ambacho Waingereza waliita imprest, na ambacho wengi bado hukitamka "impresti", hili lilikuwa tayari lina harufu ya safari.

Kisarufi, neno hili linafuata upatanisho wa ya-: masurufu yametoka, masurufu hayajarejeshwa, masurufu yangu ya mwezi Machi. Halina umoja, hakuna "surufu moja". Ukidaiwa mara mbili, andika "masurufu ya safari mbili" au taja kila hati kwa namba yake. Mdomoni utasikia "masurufu imetoka", lakini kwenye dokezo (barua fupi ya ndani ya ofisi) andika "yametoka".

Tatizo kubwa liko kwenye kitenzi. Tunasema *kurejesha masurufu*, na anayeanza kazi hudhani maana yake ni kurudisha fedha. Akiwa amezitumia zote kihalali, hujiambia kuwa hana cha kurejesha, na siku zinapita. Katika lugha ya uhasibu, kurejesha masurufu ni kuwasilisha hesabu kamili: nyaraka za kilichotumika, na fedha taslimu kwa kilichobaki. Hata kama bakaa ni sifuri, marejesho yanadaiwa.

Angalia pia jinsi mnyambuliko mmoja unavyogeuza mambo. *Kurejesha* kunafanywa na mtumishi aliyetangulizwa fedha. *Kurejeshewa* kunamhusu mtumishi aliyetoa fedha mfukoni kwake, na sasa ofisi ndiyo inayodaiwa. Neno *marejesho* linabeba maana zote mbili, na kwenye vikoba lina ya tatu, yaani malipo ya mkopo ya kila wiki au mwezi. Kwa hiyo usiandike "marejesho" peke yake kwenye kichwa cha barua. Andika "Marejesho ya masurufu" au "Maombi ya kurejeshewa gharama", mhasibu ajue tangu mstari wa kwanza nani anamdai nani.

Majirani wanaochanganywa na masurufu

*Posho ya kujikimu* ni stahili ya mtumishi kwa kulala nje ya kituo chake. Hulipwa kwa viwango vya usiku, na kwa kawaida haidaiwi risiti za chakula wala za nyumba ya wageni. Inadaiwa ushahidi kwamba safari ilifanyika kwa siku zilizolipwa. Mara nyingi posho hii na fedha za shughuli huingia kwenye akaunti kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: mtu anaona milioni tatu na anashindwa kutenga yake na ya ofisi. Zitenge siku hiyohiyo. Ukirudi siku mbili kabla ya muda, posho ya siku hizo mbili nayo inarudi.

*Karadha* ya mshahara ni mkopo wako binafsi. Unaulipa kwa mshahara na hakuna anayekuuliza umenunulia nini. *Fidia* ni malipo ya hasara au madhara. Wapo wanaoandika "naomba fidia ya nauli", na wanaeleweka, lakini kinachofaa hapo ni "kurejeshewa nauli".

Ukiwa na mashaka, uliza hivi: fedha ilitoka kabla ya matumizi au baada? Ikiwa kabla, na unatakiwa kuonyesha imetumikaje, hayo ni masurufu. Ikiwa baada, na iliyotumika ilikuwa yako, huko ni kurejeshewa gharama.

Aina mbili za kuzijua

Masurufu maalumu, pamoja na ya safari, hutolewa kwa kazi moja yenye mwanzo na mwisho: mafunzo, ukaguzi wa miradi, kusafirisha vifaa. Kazi ikiisha, yanafungwa.

Masurufu ya kudumu ni kile kisanduku cha matumizi madogo ya ofisi. Kiasi chake hakibadiliki. Tuseme ni shilingi 500,000. Ukishatumia 380,000, unawasilisha hati za 380,000, unalipwa 380,000, na kisanduku kinarudi 500,000. Kanuni yake ni moja tu: saa yoyote, fedha taslimu pamoja na hati zilizolipwa lazima zifike 500,000. Mkaguzi wa ndani akija ghafla akakuta taslimu 95,000 na hati za 380,000, kuna pengo la 25,000, na "nilimkopesha mwenzangu hadi kesho" si hati. Hesabu kisanduku kila jioni. Ni kazi ya dakika kumi.

Hatua ya 1: Omba kwa mchanganuo unaoweza kuuthibitisha

Marejesho mabaya huanzia kwenye maombi mabaya. Ukiomba "gharama za mafunzo, 2,050,000", umejifunga, kwa kuwa hakuna atakayejua ulipaswa kulipa nini. Vunja kila mstari kuwa idadi, mara bei, mara siku. Mfano wa mafunzo ya siku mbili kwa washiriki 30:

- Ukumbi: siku 2 × 200,000 = 400,000
- Chai na chakula cha mchana: watu 30 × 15,000 × siku 2 = 900,000
- Nauli za washiriki: watu 30 × 10,000 = 300,000
- Mafuta ya gari: lita 120 × 3,000 = 360,000
- Daftari na kalamu: seti 30 × 3,000 = 90,000
- Jumla: 2,050,000

Ambatisha barua ya mwaliko au mpango kazi, taja kasma (fungu la bajeti) itakayobeba gharama, na andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Tarehe ya kumaliza si pambo. Muda wa kurejesha unahesabiwa kuanzia hapo. Uliza mapema kama makato ya benki na ada za kutuma kwa simu zinakubalika kwenye mchanganuo. Ukilipa watu 30 kwa simu, ada hizo ni fedha ya kweli, na isipokuwa na mstari wake itatoka mfukoni kwako.

Tahadhari nyingine: masurufu hayaondoi taratibu za manunuzi. Katika utumishi wa umma Tanzania manunuzi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Kununua vifaa vingi kwa masurufu ili kukwepa mlolongo ni chanzo cha hoja ya ukaguzi hata kama bei ilikuwa nzuri na vifaa vimefika. Kama kitu kinaweza kununuliwa na kitengo cha manunuzi kabla ya safari, kiondoe kwenye maombi yako.

Hatua ya 2: Kabla ya kusaini

Hakikisha huna masurufu ya nyuma. Kanuni Tanzania na Kenya hazitaki mtu apewe mapya huku ya zamani yakiwa wazi, na ombi lako litakwama mezani wakati gari linakusubiri.

Halafu soma jina lililo kwenye hati. Anayesaini ndiye mdaiwa. Mkuu wako akikuambia "chukua kwa jina lako, fulani ndiye atakayekwenda", ujue kuwa deni halitahama pamoja na fedha. Fulani akichelewa, akihamishwa au akifariki, mshahara utakaokatwa ni wako. Kukataa kwa adabu kunafaa hapa: pendekeza fedha zitoke moja kwa moja kwa jina la anayekwenda.

Hatua ya 3: Kusanya hati kazini, siku kwa siku

Beba bahasha moja ngumu na daftari dogo. Kila malipo yaandikwe siku hiyo: tarehe, nani kalipwa, kwa nini, kiasi, na namba ya stakabadhi.

Kwa wafanyabiashara waliosajiliwa Tanzania Bara, dai risiti ya EFD, yaani mashine za kielektroniki za risiti za kodi zilizoanza kutumika mwaka 2010. Kabla hujaondoka dukani, angalia mambo manne: jina la taasisi yako na namba yake ya mlipakodi, tarehe, maelezo ya kilichonunuliwa, na kiasi. Risiti yenye kiasi tu, bila jina la mnunuzi, inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyepita dukani siku ile, na mkaguzi atasema hivyo. Piga picha alama ya QR uihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) ukiwa bado unaweza kurudi dukani. Risiti isiyoonekana kwenye mfumo ukiigundua wiki mbili baadaye, uko mbali na muuzaji na hana tena haja na wewe.

Tena, toa nakala ya kila risiti ya EFD siku hiyohiyo. Karatasi yake huchapwa kwa joto, na maandishi hufifia kwa jua, kwa jasho la mfukoni, hata kwa kukaa tu. Kuna majalada yenye viambatisho vyeupe kabisa, ambavyo siku vilipowekwa vilisomeka vizuri. Bana nakala pamoja na halisi, usitumie gundi wala utepe wa kunata juu ya maandishi.

Kwa wasio na mashine, kama mama lishe wa kijijini, mwenye bodaboda au mbeba mizigo, andaa hati ya malipo ya mkono: jina kamili, namba ya simu, kazi aliyofanya, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na saini yake. Akiwa hajui kuandika, aweke dole gumba na shahidi asaini pembeni. Usijaze hati kumi kwa mwandiko mmoja na kalamu moja usiku wa mwisho. Hata kama malipo yote ni ya kweli, zitaonekana za kughushi.

Karatasi ya mahudhurio ndiyo inayoamua chakula na nauli. Iwe moja kwa kila siku, watu wasaini asubuhi ya siku husika. Karatasi moja yenye safu za "Siku ya 1" na "Siku ya 2" hushawishi watu kusaini zote mara moja, na hapo umepoteza ushahidi wa nani alikuwepo siku ya pili. Karatasi ya malipo ya nauli iwe tofauti na ya mahudhurio. Kama ulilipa kwa simu, andika namba ya muamala mbele ya kila jina.

Mafuta nayo yana ukali wake. Risiti iwe na namba ya gari, na kitabu cha safari za gari kionyeshe kilomita za kuanza na kumaliza. Mkaguzi hugawa kilomita kwa lita. Gari la kilomita 8 kwa lita likionekana limetumia lita 110 kwa safari ya kilomita 400, huhitaji mtu wa kukueleza kwamba kuna swali linakuja.

Kwa malipo ya huduma na ukumbi, ulizia kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo yenyewe, kabla ya kulipa. Ukishamkabidhi mwenye ukumbi fedha yote taslimu, kodi ambayo haikukatwa hairudi kirahisi. Mhasibu akuandikie kwenye mchanganuo ni mistari ipi inakatwa na kiasi gani.

Hatua ya 4: Andika hesabu

Turudi kwenye mfano wetu. Wamekuja watu 27, na mafuta yaliyotumika ni lita 110.

- Ukumbi: 400,000
- Chai na chakula: 27 × 15,000 × 2 = 810,000
- Nauli: 27 × 10,000 = 270,000
- Mafuta: 110 × 3,000 = 330,000
- Daftari na kalamu: 90,000
- Jumla iliyotumika: 1,900,000
- Bakaa: 150,000

Seti tatu za daftari zilizobaki zikabidhiwe stoo kwa hati ya mapokezi. Kosa la kawaida hapa ni mpishi kudai sahani 30 kwa kuwa ndizo zilizoagizwa. Ikiwa makubaliano yalikuwa hivyo, leta makubaliano hayo na uandike sahani 30 kama zilivyolipwa, pamoja na maelezo. Usiongeze majina matatu kwenye mahudhurio ili hesabu zikae sawa. Kwa kalamu hiyo, gharama inayoelezeka imegeuka nyaraka za uongo.

Bakaa irudishwe kwanza, ndipo marejesho yawasilishwe. Kwenye taasisi za Serikali ya Tanzania omba namba ya kumbukumbu ya malipo, lipa benki au kwa simu, na ambatisha stakabadhi. Usimpe mhasibu fedha mkononi bila stakabadhi, hata kama mmezoeana. Na usitumie bakaa kwa kazi nyingine ya ofisi iliyojitokeza. Kazi hiyo ina kasma yake, na fedha hii iliidhinishwa kwa mafunzo.

Ukizidisha matumizi, ziada haiingii yenyewe kwenye hesabu. Rejesha masurufu kwa kiasi ulichopewa, kisha fungua ombi la pili la kurejeshewa gharama, ueleze kwa nini ilibidi. Linaweza kukataliwa, kwa hiyo ni busara kupiga simu na kupata idhini ya maandishi kabla ya kutoa fedha yako.

Hatua ya 5: Dokezo la kuwasilisha

Liwe fupi. Mfano wa dokezo sabili, yaani dokezo la karatasi yake lenyewe, nje ya jalada:

> YAH: MAREJESHO YA MASURUFU SH. 2,050,000, HATI NA. …
>
> Rejea somo hapo juu.
>
> 2. Nilipokea masurufu ya Sh. 2,050,000 kwa ajili ya mafunzo ya siku mbili yaliyofanyika tarehe … hadi …
>
> 3. Kiasi kilichotumika ni Sh. 1,900,000 kama inavyoonekana kwenye mchanganuo (Kiambatisho A) na hati za malipo namba 1 hadi 34 (Kiambatisho B). Bakaa ya Sh. 150,000 imerejeshwa kwa stakabadhi Na. … (Kiambatisho C). Washiriki waliohudhuria ni 27 badala ya 30.
>
> 4. Taarifa ya mafunzo imeambatishwa (Kiambatisho D).
>
> Nawasilisha.

Zipe hati zako namba kwa kalamu, 1, 2, 3, na namba hizo zionekane kwenye mchanganuo. Mhasibu anayeweza kufuata kila mstari bila kukuita atamaliza jalada lako siku hiyohiyo. Kabla ya kukabidhi, toa nakala ya furushi zima, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, jalada likipotea ofisini, aliyepoteza ni wewe.

Muda, na kinachotokea ukipita

Katika taasisi za umma Tanzania muda uliozoeleka ni siku 14 baada ya kumaliza shughuli au kurudi safarini. Kenya kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinatoa siku 7 za kazi baada ya mtumishi kurudi kituoni. Huko anayeshindwa hukatwa kiasi chote kwenye mshahara, pamoja na riba. Mashirika binafsi hujiwekea muda wao, kwa hiyo soma mwongozo wa fedha wa mwajiri wako.

Mwezi Juni una hatari yake. Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili unaisha tarehe 30 Juni, na masurufu yaliyo wazi siku hiyo huingia kwenye hesabu za mwaka kama madai. Jina lako likishaorodheshwa hivyo, litafika kwa wakaguzi hata kama umerejesha Julai 3. Shughuli ikiahirishwa, usikae na fedha "mpaka wiki ijayo". Rudisha yote, kisha omba upya.

Ukipata hoja ya ukaguzi, ijibu kwa karatasi. Maelezo marefu ya ugumu wa safari hayafungi hoja. Hati iliyopotea hufidiwa kwa nakala iliyothibitishwa na muuzaji, au kwa uhakiki wa risiti kwenye mfumo wa kodi.

Pale ambapo hukutangulizwa kitu

Kurejeshewa gharama kunafuata ukusanyaji uleule wa hati, ila hapa wewe ndiye unayebeba hatari. Pata idhini kwa maandishi kabla ya kutumia. Ujumbe wa baruapepe unatosha kwa waajiri wengi. Wasilisha ndani ya mwezi huohuo wa matumizi. Omba kilekile ulicholipa, bila kukizungusha: 47,350 ibaki 47,350. Kiasi kinacholingana na risiti ni kurudishiwa gharama ya kazi, lakini kiasi cha mkupuo kisicho na hati kinaweza kuhesabiwa kuwa posho na kukatwa kodi ya mapato. Kwa waajiri binafsi wa Kenya, risiti ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya huko, ina uzito zaidi tangu Januari 2024, kwa sababu gharama isiyo na ankara hiyo humletea mwajiri shida kwenye hesabu za kodi, na shida hiyo atakurudishia wewe.

Mikataba ya washauri elekezi nayo hutenga ada ya kazi na gharama zinazorejeshwa: tiketi, uchapaji, malazi. Orodha hiyo ikishasainiwa, kisichomo hakirudi.

Ukipata barua ya uhamisho, au ukibakiza miezi michache kustaafu, nenda kwa mhasibu umwombe akufungulie rejesta ya masurufu ukurasa wa jina lako. Kila mstari uwe na tarehe ya kutoka na ya kurejeshwa. Palipo wazi, leta ile nakala yenye muhuri, usimame hapo mpaka aandike, kisha uombe barua ya kutodaiwa kabla hujafunga mizigo.